Nafasi ya Fundi Mkuu

Ukurasa mmoja, Sindre ameniambia, usizidi.
Miaka ishirini na tisa uikunje kama shuka.
Nimekaa jikoni. Mvua ya Haugesund inapiga dirisha
tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi,
na kompyuta ya binti yangu inanikodolea
kwa kale kamstari kake kanakopepesa,
kanapepesa tu,
kama jicho lililochomwa na mwanga wa kazi.

Jina: Gunnvor Tveit.
Hapo sikukwama.

Anza na vitenzi, alisema, vitenzi vyenye misuli:
niliongoza, nilisimamia, niliboresha.
Huyu ndiye kijana niliyemwambia, pumua polepole,
usikikimbize kidimbwi cha moto, kisubiri kikufuate.
Leo yeye ndiye anayenishika mkono.

Nikaandika: Niliongoza kundi la watu kumi na mmoja.
Nikafuta. Kundi ni la mbuzi.
Nikaandika: Nilikuwa wa kwanza kuingia ndani ya tangi
na wa mwisho kutoka.
Ni kweli, lakini inanuka majivuno.
Chema chajiuza, wanasema.
Chema hakijawahi kuomba kazi.
Nikaiacha.

Vyeti ninavyo, vimo kwenye kopo la biskuti.
Bomba limeinamishwa digrii arobaini na tano
na halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka,
kwa magoti, kwa ubavu, chali,
mpaka mwanzo ukutane na mwisho
na mtu asijue vilikutania wapi.
Niandike hivyo? nikamuuliza kwenye simu.
Andika namba ya cheti.
Nikaandika namba ya cheti.

Mafanikio, kwa tarakimu tafadhali.
Mwaka wa lile jukwaa la mafuta:
picha za eksirei mia nne na sita,
zilizokataliwa, tatu.
Hizo tatu nazikumbuka kwa sura, kama watoto watundu.
Zile nyingine ziko chini ya bahari gizani,
zimeshika.
Mshono mzuri hauna la kusimulia.

Lakini kuna ule wa Februari.
Dakika za mwisho za zamu, vidole havina habari na mimi,
mkaguzi ameshasaini, Torleif ameshazima taa za nje,
nami nikajua. Sikuona, nilijua kwa kiganja,
kwamba chini ya tabaka la pili kuna tundu
dogo kama yai la chawa.
Nikawasha grenda. Nikaukata mshono wangu mwenyewe,
uliopita, uliosainiwa.
Gunnvor, una wazimu? Torleif akapiga kelele.
Tundu lilikuwepo.
Tulichelewa siku mbili. Bosi hakunisemesha hadi Pasaka.

Sasa hili niliweke wapi?
Chini ya Mafanikio? Kisanduku cha Makosa hakuna.

Halafu kuna pengo. Miezi kumi na minne,
mama alipokuwa anasahau kumeza
na mimi nilikuwa kijiko chake.
Lizibe, Sindre alisema. Sema ulikuwa masomoni.
Sindre, nilikufundisha nini?
Vyuma viwili ukivibana kabisa, moto haupenyi.
Unaacha nafasi, milimita mbili, tatu,
ndipo mshono unashika hadi kwenye mzizi.
Akanyamaza. Nilisikia anatafuna kitu.

Nimeandika: Miezi 14, nilimuuguza mama.
Nimeandika: Februari, nilikata mshono uliokwisha kupitishwa.
Mistari hiyo miwili ikadondokea ukurasa wa pili.
Nikapunguza pambizo. Nikapunguza herufi
mpaka nikahitaji miwani ya kunisomea jina langu.
Bado ikadondoka.

Basi nikarudisha herufi kama zilivyokuwa.
Ukurasa wa pili una mistari miwili na weupe mwingi.
Anayetafuta fundi mkuu
huwa anageuza bomba, akamulika na upande wa ndani.
Nimetuma saa saba kasoro usiku.
Kahawa ilikuwa imeshapoa, nikainywa hivyo hivyo.